Mpiga dramu wa roki na albamu yake ya siasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wapiga dramu wa roki wa Kisumu, Kakamega, Nakuru na miji iliyo katikati, wanaotaka kutoa albamu kwa jina lao na wana neno la kusema kuhusu nchi. Maswali yamepewa namba. Ukiona "tazama 6", nenda huko, hatutarudia jibu.

## Kabla ya kushika vijiti

1. Albamu ya mpiga dramu ni nini hasa? Ni dramu tupu?

La. Ni nyimbo kama nyimbo nyingine, ila jina lililo kwenye jalada ni lako na neno la mwisho ni lako. Roger Taylor, mpiga dramu wa Queen, aliimba mwenyewe katika *Happiness?* ya 1994, na humo akawashukia Wanazi mamboleo bila kuficha. Dave Grohl, aliyekuwa mpiga dramu wa Nirvana, aliingia studio Seattle Oktoba 1994 akapiga karibu kila ala peke yake. Kazi hiyo ikatoka 1995 kwa jina la Foo Fighters. Tony Allen, aliyempigia Fela Kuti, alitoa *No Accommodation for Lagos* mwaka 1979, na jina lenyewe linataja kero ya makazi. Hiyo ya Allen si roki, lakini mpiga dramu asiyeisikiliza anajinyima.

Solo ya dramu ya dakika tano iache jukwaani. Kwenye rekodi inachosha hata wapiga dramu wenzako.

2. Siwezi kuimba. Niache?

Usiache, tafuta mwimbaji. Lakini kwanza jirekodi kwa simu ukiyasema maneno yote kwa mdundo, ili mwimbaji asikie unapovuta pumzi na neno lipi unalikazia. Kisha andikianeni (tazama 16).

3. Niimbe kuhusu nini? Siasa ni pana.

Hapa ndipo albamu nyingi hufia. "Viongozi wametusaliti" ni mstari ambao kiongozi mwenyewe anaweza kuucheza kwenye mkutano wake wa kampeni na asijisikie vibaya. Linganisha na huu: "Zahanati ina rangi mpya, dawa nimenunua kwa duka la mbele." Wa pili una ukuta, una duka, una pesa iliyotoka mfukoni. Hauhitaji kumtaja mtu, na kila aliyewahi kupanga foleni ya zahanati anajua unamsema nani.

Kanuni tunayopendekeza ni wimbo mmoja, kitu kimoja kinachoshikika. Magugumaji yanayofunga mashua ufuoni Dunga, Kisumu. Mkulima wa miwa na kiwanda cha Mumias kilichokabidhiwa mrasimu (msimamizi wa kampuni iliyolemewa na madeni) mwaka 2019. Bwawa lililopasuka Solai, Nakuru, Mei 2018, likaua watu zaidi ya 40. Ukitaka ushahidi, soma ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ni za umma na zimegawanywa kaunti kwa kaunti. Usichokipata humo, omba kwa barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu, kwa hivyo andika barua kabla hujaandika kiitikio.

Njia ya mafumbo nayo ipo, na huku Nyanza ina mizizi. D.O. Misiani wa Shirati Jazz aliimba siasa kwa hadithi za wanyama na za kale, na bado alikamatwa zaidi ya mara moja. Fumbo ni ufundi. Usilichukulie kama kinga.

4. Lugha ipi: Kiswahili, Sheng au Kijaluo?

Ile unayogombania nayo ukiwa umekasirika. Lakini mpiga dramu ana jukumu ambalo mwandishi mwingine hana, nalo ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: se-ri-KA-li, u-SHU-ru. Snea (ngoma ndogo ya mlio mkali) ikigonga "-li" badala ya "KA", neno linasikika kama la mgeni.

Mfano mzuri ni "barabara". Ukikaza ba-ra-BA-ra, ni njia ya magari. Ukikaza ba-RA-ba-ra, ni "sawasawa kabisa". Wimbo wa kulalamikia mashimo, snea ikikosea silabi moja, unageuka kusifu kandarasi. Chapisha maneno, pigia mstari kila silabi yenye mkazo, halafu ndipo upange snea.

## Mdundo

5. Naweza kuingiza isukuti au nyatiti kwenye roki?

Ndiyo, ila usiziweke kama pambo. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega iliingizwa mwaka 2014 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na midundo yake mingi huhesabiwa kwa tatu-tatu. Ukiilazimisha juu ya roki ya nne kavu inapwaya, na wapigaji watakuambia. Badilisha wewe: hai-hati yako (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) iende kwa tatu-tatu, kiki (ngoma kubwa ya mguu) na snea zibaki palepale.

Ngozi ya mnyama hunywa unyevu. Msimu wa mvua za masika karibu na ziwa, hulegea ndani ya nusu saa. Ianike juani au iweke mbali kidogo na jiko la makaa hadi sauti irudi, rekodi teki mbili (mara mbili za kupiga wimbo), kisha ipashe tena. Ngoma kubwa na kiki yako zinagombania masafa yaleyale ya chini, takriban Hz 60 hadi 100. Chagua moja itawale kila sehemu ya wimbo.

Nyatiti ina nyuzi nane, pamoja na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inayogonga mwili wa ala, na njuga mguuni. Irekodi peke yake, si chumba kimoja na dramu. Na mpigaji alipwe, jina lake liandikwe.

6. Dramu zinafunika maneno. Nipandishe sauti ya mwimbaji?

Hapana, punguza dramu. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake halipo kwenye miksi, lipo mikononi mwako.

Konsonanti zinazotofautisha maneno (s, sh, ch, t, k) huishi kati ya kHz 2 na 8. Hai-hati iliyofunguliwa na matoazi ya pembeni huishi hapohapo. Ukipiga hai-hati wazi kwenye beti, "sheria" inakuwa "-eria", na mtu wa redio ataisikia "biria". Kwa hivyo kwenye beti funga hai-hati kabisa, au hamisha mkono wa kulia kwenye tomu ya chini (ngoma pana inayosimama sakafuni). Snea ipigwe kwa ubavu wa kijiti kwenye rimu. Fungua matoazi kwenye kiitikio, pale maneno yanapojirudia na msikilizaji ameshayajua.

Mapambo ya tomu yaje mwimbaji anapovuta pumzi, si juu ya neno. Mstari wenye jina, idadi au mwaka usiguswe kabisa: kiki na hai-hati tu.

Jaribio ni rahisi. Mchukue mtu ambaye hajasoma maneno, mchezee wimbo kwa spika ya simu mara moja tu, aandike anachosikia. Akikosa zaidi ya mistari miwili kati ya kumi, rudi kwenye kiti cha dramu.

## Kurekodi

7. Sina pesa ya studio kubwa. Chumba cha nyumbani kinafaa?

Kinafaa kama kina dari. Paa la mabati bila dari litaharibu kila kitu mvua ikianza, na Kisumu mvua hupenda alasiri. Rekodi asubuhi, kuanzia saa tatu hadi saa saba. Usiku una vyura, kesha la kanisa jirani, na wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa hadi wakatua kwenye ngozi ya snea.

Trei za mayai hazizuii sauti. Hupunguza makali kidogo tu, na jirani anaendelea kusikia kiki kama kawaida. Kinachosaidia ni uzito na unene: magodoro mawili ya sponji yasimamishwe nyuma ya seti, sentimita 10 kutoka ukutani, blanketi nzito mlangoni, zulia chini ya seti yote. Kona ndizo za kwanza kufunikwa.

Kanuni za kelele za NEMA (mamlaka ya mazingira) za 2009 zinaruhusu nje ya nyumba za makazi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku huanza saa mbili. Seti ya dramu hupita 100 chumbani bila jasho. Ongea na majirani mapema, uwaambie siku na saa. Wewe mwenyewe vaa kinga ya masikio: kwa kipimo cha wataalamu wa usalama kazini, desibeli 100 ni za dakika 15 kwa siku.

8. Niandae seti vipi?

Ngozi mpya kwenye snea na kiki kama huwezi kubadilisha zote. Kaza boti kwa kuvuka, si kwa kuzunguka: ukikaza ya juu, inayofuata ni ya chini kabisa, robo mzunguko kila moja. Gonga sentimita 5 kutoka kila boti hadi zote zitoe noti moja. Ziache zilale usiku mmoja, uzirekebishe asubuhi.

Noti ya ngozi ya chini ya tomu ipande kidogo kuliko ya ngozi ya juu. Ndani ya kiki weka blanketi moja inayogusa ngozi zote mbili kidogo tu. Ukiijaza, utapata sauti ya sanduku la kadibodi. Snea ikinguruma ukigonga tomu, badilisha noti ya tomu hiyo kidogo kabla ya kulaumu waya za snea. Paka mafuta pedali. Mlio wa pedali huwa hausikiki chumbani, halafu unajitokeza kwenye beti yenye maneno machache.

9. Nahitaji maiki ngapi?

Nne zinatosha: mbili za juu, moja ya kiki, moja ya snea. Intafesi (kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta) iwe na njia nne zenye umeme wa volti 48 kwa zile za kondensa.

Maiki ya kwanza ya juu ielekee katikati ya snea, mita 1 juu yake. Ya pili ikae upande wa tomu ya chini, ikiangalia hai-hati, nayo mita 1 kutoka katikati ya snea. Usikisie, funga uzi katikati ya snea upime zote mbili. Tofauti ya sentimita 17 inatosha kuzigonganisha kwenye kHz 1, na hapo snea inakosa nyama. Ya kiki iingie kwenye tundu, sentimita 10 kutoka ngozi inayopigwa. Ya snea ikae vidole viwili juu ya rimu.

Ukimaliza, sikiliza zote pamoja, kisha geuza polariti ya snea. Upande wenye besi nyingi ndio sahihi. Rudia kwa kiki. Kazi ya dakika mbili, na wengi hawaifanyi.

10. Nirekodi kwa kiwango gani, na faili zitakula nafasi kiasi gani?

Biti 24, kHz 48. Kila njia hula takriban MB 8.6 kwa dakika. Njia nne, wimbo wa dakika 4, ni karibu MB 138 kwa teki moja. Nyimbo 10 zenye teki 5 kila moja ni GB 7. Hifadhi nakala mbili, moja isiwe nyumba hiyo.

Pigo zito kabisa lifike desibeli −10 hivi kwenye mita. Wakati wa kujaribu sauti utapiga kwa adabu, kisha taa nyekundu ikiwaka na wimbo ukiwa wa hasira utaongeza nguvu. Acha nafasi. Stima ikipotea katikati ya teki faili inaweza kuharibika, kwa hivyo kompyuta iwe na betri nzima na intafesi ichomekwe kwenye UPS.

11. Lazima kliki (mlio wa kuhesabia mwendo)?

Kama utapiga ala nyingine peke yako baadaye, ndiyo. Rekodi kwanza gitaa na sauti ya mwongozo juu ya kliki, kisha dramu, besi, magitaa, na sauti halisi mwisho. Kiitikio kikihitaji kusukuma, pandisha kliki kwa pigo 2 au 3 kwa dakika kwenye sehemu hiyo. Ni halali kabisa.

## Sheria

12. Naweza kumtaja kiongozi kwa jina?

Unaweza. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inalinda kujieleza, na usanii umetajwa humo. Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kuchafua jina mwaka 2017, lakini kesi ya madai bado ipo, na mwenye kulalamika ana miezi 12 ya kuifungua. Ukisema "aliiba", mzigo wa kuthibitisha ni wako. Ukisema "ripoti inasema milioni kadhaa hazina stakabadhi" na ripoti inasema hivyo, uko mahali pazuri zaidi. Weka nakala ya kila chanzo kwenye bahasha moja na daftari la maneno. Mstari unaokupa wasiwasi mwonyeshe wakili kabla ya masta (rekodi ya mwisho), si baada.

13. Maneno gani yananipeleka mbele ya NCIC, tume ya uwiano na utangamano wa kitaifa?

Yale yanayochochea chuki dhidi ya kabila au jamii. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kina faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote. Aprili 2022 tume ilitoa orodha ya maneno ya kuchochea, na "madoadoa" na "mende" yamo. Ukiyahitaji kwa sababu wimbo unasimulia jinsi yalivyotumika kuwafukuza watu, hakikisha msikilizaji anayejiunga katikati ya wimbo bado anajua ni nani anayesema. Kwa maoni yetu, kiitikio si mahali pake: watu huimba kiitikio bila beti.

14. Naweza kuweka kipande cha hotuba kutoka runinga?

Rekodi hiyo ina mwenyewe, yaani kituo. Omba ruhusa kwa maandishi, au mwache mwigizaji asome maneno hayo.

15. Mwanasiasa akiuchukua wimbo wangu kwa kampeni?

Hutokea. "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji ilitoka 2002 na muungano wa NARC ukaifanya wimbo wa ushindi mwaka huohuo, ingawa ilitungwa kama majivuno ya vijana wawili wasiotishika. Amua sasa kama utakubali, kwa nani na kwa bei gani, uliandike kwenye mkataba wa kila aliyeshiriki. Bila hilo, mpiga gitaa anaweza kusema ndiyo wakati wewe umesema hapana.

16. Bendi yangu ya zamani inadai nyimbo ni zao pia.

Huenda ni kweli. Aliyeandika maneno na melodi ndiye mtunzi. Mdundo wa dramu peke yake kwa kawaida hauhesabiwi, jambo linalouma lakini ndivyo lilivyo. Kabla ya kila wimbo andikeni karatasi ya mgao: majina, asilimia zinazofika 100, sahihi, tarehe. Uhamisho wa hakimiliki Kenya lazima uwe wa maandishi. Makubaliano ya mdomo nyuma ya jukwaa hayahesabiki.

17. Nijiandikishe wapi?

Sajili kazi KECOBO (bodi ya hakimiliki ya Kenya) kupitia mtandao. Kisha kuna mashirika ya kukusanya mirabaha. Kwa miaka mingi yamekuwa matatu: MCSK kwa watunzi, PRISK kwa waliopiga na kuimba, KAMP kwa mwenye rekodi. Mpiga dramu aliyetunga, akapiga na kulipia studio anastahili kwa nafasi zote tatu, na wengi hujiandikisha moja tu. Hakiki kwanza na KECOBO kama shirika lina leseni ya mwaka huo.

## Kutoa na kupiga jukwaani

18. Redio zitaicheza?

Matusi hayatapita kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku. Tengeneza toleo la redio mapema, kutoka kwenye faili za miksi, usizibe kwa mlio. Kwa majukwaa ya mtandaoni, masta ya −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) na kilele kisichozidi desibeli −1 inatosha. Peleka kwa msambazaji wiki nne kabla.

19. Nitoe kabla ya uchaguzi?

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Ukitoa wiki chache kabla, utasikika kama mpigadebe wa upande fulani hata kama huna upande. Miezi sita kabla, au baada ya kuapishwa, ni salama zaidi kwa wimbo wenyewe. Tamasha likiwa na hotuba za wanasiasa linaanza kuwa mkutano wa hadhara, na mkutano unahitaji taarifa kwa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya 14 kabla.

20. Naimbaje huku nikipiga?

Shusha ufunguo nusu toni au toni nzima. Maiki ije kwa stendi ya mkono mrefu kutoka kushoto, matoazi yashuke sentimita 10 ili yasiingie kwenye maiki. Fanya mazoezi ya maneno ukipiga magoti yako, bila vijiti, hadi mkono na ulimi visitegemeane. Jibu la swali la 6 bado linatumika.

21. Nimemtaja mtu, kisha mahakama ikamwondolea lawama. Albamu imeshatoka.

Toa toleo jipya la wimbo huo. Rekodi iliyobadilika inapewa ISRC (namba ya utambulisho wa rekodi) mpya, na ya zamani unaiomba msambazaji aiondoe. Mpe siku kadhaa. Ukiwa na njia ya sauti peke yake na kliki ya awali, ni kazi ya alasiri moja: imba mstari mmoja upya, pitisha miksi ileile. Kama ulifuta faili za teki kuokoa nafasi, itabidi urekodi wimbo mzima, dramu zikiwemo.